Maji Yalipoingia Majumbani

Jina lake halisi watu walikuwa wamelisahau, na pengine hata yeye mwenyewe, mtu angemwita kwa jina hilo barabarani, asingegeuka. Mtaa mzima ulimwita Mama Bomba, kwa kuwa ndiye aliyeshika funguo za kioski cha maji pale njia panda tangu binti yake akitambaa mpaka binti huyo akawa muuguzi, akaolewa mji wa mbali. Vijana walipenda kumtania: "Mama Bomba, mambo bomba?" Naye hujibu bila kuinua macho kwenye ndoo inayojaa, "Bomba, ila koki inavuja."

Kioski chenyewe hakikuwa cha kutamanisha. Kilikuwa kijumba cha matofali chenye dirisha la wavu, koki tatu upande wa nje, na sakafu ya saruji iliyoota ukijani, utelezi wa kuvunja mtu nyonga. Maji yalitoka kwa mgawo, alfajiri mpaka jua lianze kuchoma, kisha tena jioni kidogo. Kwa hiyo foleni ilianza giza halijatoka machoni. Ndoo, madumu, beseni, hata sufuria za wale walioamka wakikuta vyombo vyote vimekwisha kubebwa. Mwenye kuchelewa aliweka jiwe kwenye nafasi yake akarudi kumnyonyesha mtoto, na ole wake atakayelisogeza lile jiwe.

Na foleni ina mdomo. Hapo ndipo mtaa ulipojua nani kaposwa, nani kafukuzwa kazi, mume wa nani karudi asubuhi viatu mkononi. Msusi, aliyekuwa ameweka benchi lake kwenye kivuli cha kioski, alisuka vichwa na kutia chumvi kila habari iliyopita. Mama Bomba hakuwa mwongeaji sana. Yeye alipokea sarafu, akafungua koki, akafunga, akacheka pale palipostahili kucheka, akakemea pale watu walipotaka kushikana mashati. Lakini asubuhi akichelewa kidogo tu, mlango wake uligongwa mpaka bawaba zikalia. "Mama Bomba! Umekufa au umelala?" Mumewe, fundi baiskeli, alipofariki, watu wa foleni ndio waliochimba, wakazika, wakapika, wakalala naye sebuleni mpaka machozi yalipokauka. Kwa hiyo alizoea kuamini kwamba mtu mwenye foleni hawi peke yake.

Lakini foleni hiyo hiyo ilikuwa na ubaya wake, naye aliuona kwa macho yake kuliko mtu yeyote. Aliwaona wasichana wakisinzia wamesimama, sare za shule zikiwa zimelowa mgongoni. Aliwaona wazazi wakibeba watoto waliolegea kwa kuhara, kwa sababu maji ya kunywa yalikaa siku nyingi kwenye madumu na vyoo vya shimo vilifurika kila mvua iliponyesha. Na siku moja ya matope alimwona mke wa seremala, mimba ikiwa imemkaa mbele kama ngoma, akipanda mteremko na ndoo kichwani. Mama Bomba alikuwa amemwambia, "Acha, mwanangu, nitakutafutia mtu akupelekee." Yule mama kijana alicheka, akasema si mbali. Hakufika hata nusu. Aliteleza, akaanguka kifudifudi, na maji yakashuka mteremko wote mpaka miguuni mwa watu wa foleni. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, asilie. Kwa muda mrefu baadaye mke wa seremala alikuja kuchota akiwa kimya, hatazami watu.

Mwaka uliofuata akaja Mhandisi. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, viatu vya mpira vikubwa kuliko miguu yake, ametumwa na mamlaka ya maji. Serikali ilikuwa imepata mkopo wa masharti nafuu kutoka benki ya nje ili ilaze mabomba ya maji safi na ya majitaka mtaa mzima, kila nyumba iwe na koki yake na choo chake cha kuvuta maji. Sharti lilikuwa moja: wenye nyumba wengi wakubali kuunganishwa, na gharama zao walipe kidogo kidogo ndani ya bili. Wakikataa, fedha zingehamia mtaa mwingine uliokuwa ukizimezea mate.

Mhandisi alizunguka nyumba kwa nyumba, akaeleza mpaka sauti ikakauka. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha kiti, wakasema watafikiri. Ahadi za maji walishazisikia, wakazipigia makofi, na wakazizika. Mwishowe, amechoka, alikuja kuketi kwenye benchi la msusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekugomea?"

"Hawajakataa. Wanatabasamu tu."

"Hapa kwetu hivyo ndivyo tunavyokataa."

Mhandisi alicheka, kisha akasogea karibu. Alikuwa na jambo. "Kila nyumba ninayopita wananiambia, Mama Bomba anasemaje? Nataka kukuomba uzungumze mkutanoni. Lakini kwanza nikwambie ukweli, usije ukasema nilikuficha. Maji yakiingia majumbani, kioski hiki kitafungwa."

"Najua. Na mimi?"

"Mamlaka itakupa kifuta jasho. Si kikubwa."

Mama Bomba alifunga koki iliyokuwa ikidondoka, ikaendelea kudondoka. Hakujibu siku ile. Alirudi nyumbani, akala, akalala, akageuka huku na huku. Angeweza kunyamaza tu, wala hakuna ambaye angemlaumu, kimya hakishtakiwi. Lakini kila alipofumba macho aliona maji yakishuka mteremko.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mstaafu, mzee aliyekuwa karani mkuu wa posta na aliyependa kuanza kusema kwa kukohoa, alisimama kwanza. "Mkopo," alisema, "ni kama harusi ya jirani. Unacheza ngoma, kesho unaambiwa uchangie. Nani atakayeulipa huu? Wajukuu zetu?" Watu walimpigia makofi. Mhandisi alijibu kwa mahesabu yake, na mahesabu yalikuwa ya kweli, lakini yalipita juu ya vichwa kama ndege wa mbali.

Ndipo Mama Bomba akainuka. Hakuwahi kusema mbele ya watu ila kupaza sauti kwamba maji yamekatika.

"Mstaafu anauliza nani atalipa," alisema. "Mimi nawajibu: mnalipa tayari. Mnanilipa mimi. Ndoo moja kwangu ni ghali kuliko maji ya bomba ya wale wa ng'ambo ya barabara wenye bustani. Msichana huyu amewaambia, hamkumwamini kwa kuwa ni mgeni. Basi niaminini mimi ninayewauzia. Na mnalipa kingine ambacho mimi sikipokei." Hakumtazama mke wa seremala. "Hicho sikitaji. Mnakijua."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Lakini Mama Bomba, si unajikatia tawi ulilokalia?"

"Nitaanguka taratibu," alisema. "Mimi ni mzito, lakini si mbali na ardhi."

Wakacheka, na katika kicheko hicho mikono ikaanza kuinuka. Hata Mstaafu aliinua wake, nusu, kama anayejikuna sikio.

Mitaro ilichimbwa, vumbi likaingia mpaka kwenye sukari, watu wakalalamika, kisha mabomba yakalazwa na mitaro ikafukiwa. Siku maji yalipofunguliwa, watoto walikimbizana uchi kwenye nyua, na akina mama walipiga vigelegele kutoka nyumba hadi nyumba. Mke wa seremala alishuka mteremko mikono mitupu, akamkumbatia Mama Bomba, akapanda tena. Jioni ile Mama Bomba alifungua dirisha la kioski kama kawaida. Hakuja mtu. Alikaa mpaka giza lilipoanza kushika, akasafisha sakafu isiyokuwa na uchafu, akafunga kufuli.

Siku za mwanzo alifurahia. Alisema, sasa nami nitalala kama binti wa mfalme. Lakini mwili haukujua habari za mradi. Uliamka alfajiri ile ile, ukakaa kitandani ukisubiri kugongewa mlango. Aliinuka, akafungua koki yake mpya uani, ndoo ikajaa kufumba na kufumbua. Kisha? Alifagia. Akapika kidogo, kikabaki. Akakaa kizingitini.

Njia panda ilikuwa imebadilika. Watu walipita wakienda zao, mikono haina ndoo, na mtu asiye na mzigo hana sababu ya kutua. "Mama Bomba! Tumekukosa! Tutakuja kukuona!" walisema, na walisema kwa moyo mweupe, wakiwa tayari wamekwisha kupita. Msusi alivumilia kidogo, kisha akahamishia benchi lake barabara kuu. "Shoga yangu, vichwa havipiti tena huku," alisema akijifunga mzigo, macho yakimkwepa. "Nifanyeje?" Mama Bomba akamsaidia kubeba kioo mpaka kwenye mkokoteni. Wenye nyumba, kwa kuwa sasa walikuwa na kitu cha kulinda uani, walianza kuzungusha kuta na kuweka mageti ya bati. Nyuma ya kuta hizo aliwasikia akina mama wakifua na kucheka, lakini hakusikia wanacheka nini.

Binti yake alipiga simu. "Mama, njoo ukae na sisi. Huko unakaa na nani?"

"Nakaa na koki yangu."

"Mama, sitanii."

"Nami sitanii, mwanangu. Huko kwenu mnatoka asubuhi, mnarudi jioni. Nikija nitakuwa nimehamisha upweke tu, na nauli juu." Ilikuwa kweli, na mama akajuta kwa kuwa ilikuwa kweli. "Mkwe wangu nisalimie," akasema haraka, akakata.

Kisha homa ikamkamata. Ilianza kama uchovu, akajifunika; kulipokucha alikuwa akitetemeka hata kitanda kikalia. Simu ilikuwa imezima, na umeme haukuwepo. Alilala, akaamka, akalala tena, mwanga wa dirishani ukaja na kuondoka. Kiu ilimkausha ulimi ukawa kama kipande cha ngozi. Jagi lilikuwa tupu, na koki ilikuwa uani, umbali wa kupiga chafya, lakini miguu ilikataa.

Upande wa pili wa ukuta, jirani alikuwa akifua. Mama Bomba alimsikia vizuri: maji yalikuwa yakimiminika kwenye beseni la bati, mengi, kwa kelele.

"Jirani!" aliita. "Jirani, ee!"

Sauti ilitoka nyembamba, na yale maji yakaifunika. Jirani alikuwa akiimba. Aliita tena, akaita mpaka akakohoa, kisha akaacha, akabaki akisikiliza maji yakijaa, yakifurika, yakifungwa. Geti likafunguliwa, likafungwa. Kimya kikashuka. Hapo, bila kutazamia, akalia. Si kwa maumivu, bali kwa aibu, kama mtu aliyeketi karamuni akagundua kwamba hakualikwa.

Mwishowe alishuka kitandani kwa magoti, akatambaa. Alipofika uani alikumbatia bomba kwa mikono miwili, akafungua, akaweka mdomo. Yalikuwa maji baridi, safi, matamu. Alikunywa mpaka yakamtoka puani, akalala palepale kwenye saruji iliyolowa mpaka homa ilipopungua.

Alipopata nguvu ya kutoka nje, nguo zikimning'inia, jirani yule yule alimwona, akapiga makofi kwa mshangao. "Mama Bomba! Umekonda! Ulisafiri?"

"Nilisafiri," alisema.

Haikuchukua muda Mhandisi akarudi, safari hii na kishikwambi mkononi, kufanya tathmini. Aliketi uani, akauliza maswali aliyotumwa. Maji yanatoka kila siku? Yanatoka. Choo kinafanya kazi? Kinafanya. Kuna mtu wa nyumba hii aliyeumwa kuhara tangu mradi ukamilike? Hakuna, na mtaani pia hakuna, watoto wananawiri. Umeridhika na huduma?

"Nimeridhika," alisema Mama Bomba.

Mhandisi aliandika. Kisha hakuinuka. Alikuwa akitazama uani, ndoo moja, sahani moja imekaushwa juani, kijiko kimoja. "Na wewe, mama, unaendeleaje?"

"Hilo nalo limo humo?"

"Halimo."

Basi Mama Bomba akamwambia. Alimweleza habari ya homa, beseni la jirani, na kutambaa. Hakulaumu, alisimulia kama mtu anayesimulia ya mwingine. Mhandisi alisikiliza, kidole kikiwa juu ya kioo cha kishikwambi pasipo cha kugusa.

"Hatukulifikiria hilo," alisema mwishowe.

"Mngelifikiria vipi? Ninyi mlileta maji, na maji yamefika."

"Ungejua itakuwa hivi, ungesimama pale mkutanoni?"

Mama Bomba alifikiri. Alimfikiria mke wa seremala, aliyejifungua mtoto wa kike majuzi, tena akiwa mzima wa afya. Habari hiyo aliambiwa na mpita njia; mtoto mwenyewe hakuwa amemwona. "Ningesimama," alisema. "Yote ningeyasema vilevile. Ila ningeongeza jambo moja mwishoni."

"Lipi?"

"Kwamba mnikumbuke." Akacheka kidogo, akapangusa jicho kwa kiganja. "Lakini mtu anasemaje hivyo mbele ya watu? Wewe je, huko unakozunguka, jioni unakula na nani?"

Mhandisi alitazama viatu vyake. "Na simu," alisema. Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliofumaniwa. Mama Bomba akammiminia chai, na Mhandisi alikaa mpaka dereva wake akapiga honi mara kadhaa. Alipokwisha kuondoka nyumba ilikuwa kimya zaidi kuliko kabla hajafika, lakini Mama Bomba sasa alikuwa amelisema, na jambo lililokwisha kusemwa halikumruhusu tena kuketi nalo kizingitini.

Asubuhi yake alipiga moyo konde, akapanda mteremko. Alitaka kwenda kumwona mtoto, lakini kwenda mikono mitupu bila kuitwa kulimtia haya. Alikuwa mwanamke ambaye miaka yote watu ndio waliomjia. Mbele ya geti la seremala alisimama, nusura arudi.

"Hodi."

"Karibu! Nani?"

"Mimi. Naomba maji ya kunywa."

Mke wa seremala alifungua, mtoto begani, uso umejaa mshangao. "Mama Bomba? Kwani kwako yamekatika?"

"Hapana," alisema. Hakuwa na uongo wa kutosha. "Yanatoka vizuri."

Wakatazamana. Mama Bomba akaona kwamba yule mama kijana ameelewa, tena ameelewa yote, mpaka haya ikampanda usoni. "Nilikuwa nikisema kila siku nitakuja," alisema kwa sauti ya chini. "Kila siku, haki ya Mungu."

"Najua, mwanangu."

"Ingia. Ingia, keti."

Alipewa maji katika bilauri ya kioo iliyowekwa kwa ajili ya wageni, akanywa taratibu, wala hakuwa na kiu. Hawakuzungumza mengi. Mtoto alinyonya, akalala, akahamishiwa kwenye mapaja ya mgeni ili mama yake aanike nguo. Aliondoka jua likiwa juu.

Tangu hapo akawa na mazoea ya kubisha hodi na kuomba maji, leo nyumba hii, kesho ile. Mtaa ulianza kumcheka, kwamba mwuza maji amegeuka mwomba maji. Yeye mwenyewe alicheka nao. Kwa jirani wa beseni alikaribishwa, na siku ya pili yake jirani alitoboa mlango mdogo kwenye ukuta, ingawa mumewe alinung'unika kuhusu matofali. Lakini si kila geti lilifunguka vile. Mstaafu alimpa kikombe kupitia upenyo, akasimama akikisubiri, akakipokea, akamtakia siku njema, akapiga komeo. Nyumba nyingine alisikia watu wakinong'ona ndani, wakasubiri achoke. Na msusi, Mama Bomba alipomfuata barabara kuu, alikuwa na vichwa vitatu vikisubiri. Alimpungia mkono wenye kitana, akaendelea kusuka.

Alirudi kwake mapema, kabla giza halijaingia, akala peke yake, akalala peke yake. Upweke haukuhama, ulisogea tu, kama mpangaji aliyeambiwa apunguze vitu. Zilikuwapo siku alizokaa kizingitini toka asubuhi mpaka jioni asipate nguvu ya kubisha popote, na hakuna aliyekuja kumtafuta. Na zilikuwapo asubuhi alizoamka alfajiri ile ile, akaoga, akavaa nguo safi, akajifunga kitambaa kichwani, akasimama mlangoni akiwaza aende kwa nani.